Kabla hujachoma kidole, uliza nani hayupo: niliyojifunza nikipima malale vijijini Tabora

Kama umepangiwa kwenda Kaliua, Urambo au Sikonge kupima malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na ni mara yako ya kwanza kubeba hadubini kijijini, nakuandikia wewe. Kazi hii ya maabara ya kutembea nimeifanya miaka kumi na moja sasa, zaidi upande huu wa Tabora, na mara chache Kibondo na Kasulu. Kuchoma kidole, kupaka tone na kusoma slaidi utafundishwa vizuri kabla hujaondoka. Ninalotaka kukuambia mimi halikuwemo kwenye mwongozo niliopewa: mgonjwa wa malale karibu kila mara hayumo kwenye foleni yako.

Hili nililijua kwa mateso ya mtu mwingine, ndiyo maana siwezi kukaa nalo kimya.

Kijiji kile kilikuwa cha wakulima wa tumbaku na warina asali, pembeni mwa pori linaloteremka hadi mto Ugalla. Tulikaa siku mbili. Jioni ya kwanza mwenyekiti alipita na kipaza sauti, asubuhi watu wakajaa chini ya mwembe, akina mama na watoto mbele, wazee kwenye viti. Tulipima zaidi ya watu 200. Hakuna slaidi hata moja iliyokuwa na vimelea. Tukaandika sifuri, tukapakia vifaa, tukaondoka tumeridhika.

Wiki tano baadaye kijana wa kijiji hicho hicho aliletwa hospitalini kwa pikipiki, amebanwa katikati ya dereva na kaka yake ili asianguke, maana usingizi ulikuwa unamchukua hata pikipiki ikiruka mashimo. Vimelea vilionekana kwenye damu, na vilionekana kwenye maji ya uti wa mgongo. Maana yake ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye ubongo. Niliomba ruhusa nikaenda kumwona mama yake. Nyumba yao ilikuwa hatua kama ishirini kutoka kwenye ule mwembe.

Nilikuwa na fomu yetu mkononi. Ilijazwa bila kosa. Swali la kwanza: "Nani walilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia leo?" Mama alikuwa ametaja watu wanne.

"Mama, mbona huyu hukumtaja?"

"Baba, si mliniuliza waliolala? Yeye usiku halali. Anazunguka uani mpaka kunakucha, anasema peke yake. Analala mchana."

Tulipokuwa tunaita majina pale mwembeni, yule kijana alikuwa kwenye chumba cha nyuma, amesinzia na tonge la ugali mkononi. Mama yake alitujibu kweli tupu. Swali letu ndilo lililomwacha nje.

Swali lile tulilichukua kwenye tafiti za malaria, na huko lina maana yake. Mbu wa malaria anakuja usiku, anakukuta kitandani, kwa hiyo ukijua nani alilala wapi umejua nani aliumwa wapi. Mbung'o, au ndorobo kama wengi huku wanavyomwita, anauma mchana. Hakufuati kitandani. Anakukuta porini jua likiwaka, anafuata kinachotembea: ng'ombe, baiskeli, gari, mtu aliyebeba mzinga begani. Ukipima malale kwa mazoea ya malaria utapima watoto na akina mama waliobaki nyumbani, ambao hawajaingia pori, na utapata sifuri safi kabisa.

Siku hizi swali langu la kwanza mlangoni ni hili: "Nani wa nyumba hii hayupo hapa sasa hivi, na yuko wapi?" La pili: "Nani wa nyumba hii amebadilika tangu mvua zilizopita?" Siulizi nani anaumwa. Watu wetu hawamwiti mgonjwa mtu anayetembea na kula. Ukiuliza nani amebadilika, utasikia. Kijana aliyekuwa mpole sasa anapiga wadogo zake. Mwanamke aliyekuwa hodari shambani sasa anasinzia jembe likiwa mkononi. Mzee aliyekuwa akihesabu fedha za tumbaku kwa kichwa hajui tena njia ya kwenda kisimani. Familia zina maelezo yao, karogwa, ana majini, amepata wazimu, na mgonjwa amepelekwa kwa mganga wa jadi.

Basi nenda kwa mganga. Nenda kwa heshima, ukae, umsalimie kama unavyomsalimia mtu mzima yeyote, umweleze unachotafuta. Wapo watakaokufukuza. Lakini nimekutana na waganga walioniambia wenyewe, "Huyu dawa yangu haimshiki, mchukueni." Mganga anamwona mgonjwa wa malale miezi kabla yako. Ukimdharau umejifungia mlango ambao wagonjwa wako wote wameingilia.

Muda nao haukusubiri. Malale ya huku kwetu inaletwa na kimelea kiitwacho tripanosoma, cha aina ya rhodesiense. Ile ya gambiense, iliyozoeleka Afrika ya Kati na Magharibi, inaweza kumkalia mtu miaka kabla haijamlaza. Ya kwetu inakimbia, ndani ya wiki chache au miezi imefika kichwani, na asiyetibiwa hufa. Maana yake ukipita kijijini mara moja kwa mwaka, mtu anaweza kuumwa na mbung'o, kuugua na kuzikwa katikati ya safari zako mbili, na daftari lako likabaki jeupe.

Kwa hiyo panga safari kwa kalenda yao, usiipange kwa kalenda ya bajeti. Najua fedha zikitoka zinataka kutumika kabla mwaka wa serikali haujafungwa, na hili limenikera miaka yote. Lakini ukienda wakati warina asali wako kambini umekwenda kupima mwembe. Muulize mtendaji wa kijiji, na zaidi waulize wake zao: wanarudi lini? Asali inauzwa lini? Siku ya soko la tumbaku, wanaume wamejaa kwenye ghala la chama cha msingi, hapo weka meza yako. Na usisahau wakata kuni. Kukausha tumbaku kwenye bani kunakula kuni nyingi, miti ya karibu imekwisha, vijana wanaingia mbali zaidi kila msimu na baiskeli zao. Hao nimewakuta wameumwa mikono na migongo kuliko hata warina asali, na fomu zetu za zamani zilikuwa zinawaandika "mkulima", basi.

Wavuvi wa Ugalla, wachana mbao, wachungaji wanaosukuma ng'ombe kutafuta majani, wote hawa waandike kwa kazi wanayoifanya porini.

Sasa nije kwenye jambo gumu kuliko yote, ambalo hakuna aliyenionya. Ukimuuliza mrina asali "Uliumwa na mbung'o wapi?" hujamuuliza swali la afya. Umemuuliza kama aliingia hifadhini. Kambi nyingi ziko mahali ambapo ruhusa yake ina utata, au kibali kimekwisha muda, au mpaka umesogezwa na babu zake walikuwa wakitundika mizinga hapo hapo. Anakuangalia, anaangalia gari lako la serikali, anakujibu, "Mimi siendi pori." Na jibu hilo unaliandika.

Usije na askari wa wanyamapori kwenye gari lako. Hata kama ni rafiki yako, hata kama anakuonyesha njia. Usiandike jina la kambi kwenye karatasi yenye jina la mtu. Mimi huuliza mwendo: ukitoka hapa alfajiri unafika saa ngapi, unavuka maji, ni msitu wa miombo mtupu au kuna vichaka vizito? Majibu hayo yananitosha kujua mbung'o walipo, na hayampeleki mtu mahakamani. Na mwambie hivyo kwa mdomo wako, kabla hujauliza, kwamba karatasi hii haiendi kwa mtu mwingine. Kisha hakikisha kweli haiendi.

Hofu hii ina mizizi mirefu. Ilikuwa mwaka 1909, katika koloni la Wajerumani huku kwetu, daktari Friedrich Karl Kleine alipoonyesha kwamba kimelea kinakua ndani ya mbung'o kabla ya kumwingia mtu au mnyama mwingine. Baadaye, kuanzia miaka ya 1920, serikali ya Waingereza iliwaondoa watu wengi misituni huku magharibi, Tabora na Kigoma, ikawakusanya kwenye makazi makubwa na mashamba yaliyofyekwa ili mbung'o wasiwafikie. Kitaalamu hesabu yao inaeleweka. Lakini watu waliacha mashamba, makaburi na mizinga yao, na wajukuu wanakumbuka. Mzee mmoja wa karibu na Ulyankulu alinisikiliza hadi mwisho, halafu akauliza swali moja tu: "Mkiukuta ugonjwa, mtatuhamisha?" Nilimjibu kwamba sina mamlaka hayo na sijatumwa kwa hilo, nikarudia mbele ya mkutano mzima. Uwe na jibu la swali hilo kabla hujashuka kwenye gari, na liwe la kweli.

Halafu kuna mumiani. Usilicheke neno hilo. Watu wanaochukua damu za watu wamesimuliwa kwenye pwani na bara tangu enzi za ukoloni, na wewe umekuja na gari, glavu, sindano na chupa. Wenzetu wanaopima matende wanalazimika kuchukua damu usiku, kwa sababu minyoo michanga ya matende hujitokeza kwenye damu ya pembeni usiku. Sisi hatuna sababu hiyo, basi tusikaribie mlango wa mtu giza likishaingia. Choma kidole hadharani. Kichomeo kimoja mtu mmoja, kifungue mbele ya macho yake, kiingie kwenye boksi la taka kali mbele ya macho yake. Na fanya jambo moja ambalo limenisaidia kuliko hotuba zote: mpime mwenyekiti kwanza, kisha mwache achungulie hadubini aone damu yake mwenyewe. Halafu kamanda wa sungusungu. Halafu bibi yeyote anayetaka. Inakula nusu saa, na ile nusu saa itakurudia mara kumi.

Kuhusu kipimo cha haraka cha malaria nitasema kwa uchungu kidogo. Kimeokoa maisha mengi, sikipingi. Lakini zamani kila mwenye homa alichukuliwa slaidi, na mtaalamu aliyekuwa anatafuta malaria aliweza kumwona tripanosoma akijinyonga katikati ya chembe. Wagonjwa wengi wa malale walipatikana hivyo, kwa bahati ya jicho. Kipimo cha haraka hakioni kitu kingine zaidi ya malaria. Na Tabora ni mkoa ambao utafiti wa taifa wa 2022 ulikuta malaria kwa asilimia 23 ya watoto wa chini ya miaka mitano, kiwango cha juu kuliko mikoa yote. Mtu mzima hapa anaweza kuwa na vimelea vya malaria na vya malale kwa pamoja. Kipimo kinasema malaria, na ni kweli, anapewa dawa ya mseto, na ni sahihi, homa inarudi, anapewa tena. Yule kijana niliyemsimulia alikuwa amekunywa dozi tatu.

Kwa hiyo ukifika zahanati, kabla ya kitu kingine, omba daftari la wagonjwa wa nje. Tafuta mtu mzima aliyerudi na homa mara mbili au tatu ndani ya miezi miwili, hasa mwanaume. Andika jina, mfuate nyumbani. Angalia mwilini: uvimbe mwekundu unaouma pale alipodungwa, au kovu lake, tezi za shingoni, uso uliovimba. Kazi hii ya daftari imenipa washukiwa wengi kuliko vipaza sauti vyote.

Kwenye meza yenyewe, mambo machache. Tone bichi lisomwe mara moja, likiwa bado la moto wa mwili. Kimelea hai unakitambua kwa namna kinavyozisukuma chembe nyekundu, utaona chembe zinatikisika kabla hujakiona chenyewe. Kikifa, na joto la jua la saa saba linakiua upesi, unabaki na slaidi tulivu inayokudanganya. Kaa kivulini, weka mirija ya kapilari kwenye kiboksi cha baridi kisichogandisha. Kama una jenereta, zungusha damu kwenye sentrifuji, kisha usome pale penye utando mweupe kati ya chembe na maji ya damu, ndipo vimelea hujikusanya. Matone mazito yapake rangi ya Giemsa jioni ile ile, usingoje kurudi mjini. Na mtu mwenye dalili akiwa hana kitu leo, mpime kesho na keshokutwa. Vimelea hupanda na kushuka kwenye damu. Hakuna kipimo cha haraka cha kukutegemeza kwa malale ya rhodesiense, ni jicho lako na uvumilivu.

Mitego ya mbung'o ni somo la peke yake, ila nitagusa yanayoharibika. Kitambaa cha buluu na cheusi kinawavuta, chupa ya mkojo wa ng'ombe pembeni inawavuta zaidi. Paka grisi kwenye mguu wa mtego, la sivyo asubuhi utakuta siafu wamemaliza hesabu yako. Fyeka majani kuzunguka, kiangazi moto wa pori haubagui. Na kitambaa kile ni kizuri, kinashonwa nguo za watoto. Usimlaumu mtu. Wape vijana wa kitongoji kazi ya kulinda, kwa posho inayojulikana, na waeleze mtego unafanya nini. Wewe mwenyewe usivae buluu wala nyeusi, vaa kaki nene, maana anapenya nguo nyepesi. Ukiwapasua mbung'o na usione tripanosoma wa malale kwenye tezi za mate, usitangaze kwamba eneo ni salama. Hata mahali penye wagonjwa, wenye maambukizi yaliyokomaa kwa kawaida ni chini ya 1 kati ya 100.

Nenda na afisa mifugo. Ng'ombe anaweza kubeba kimelea cha malale ya binadamu akiwa ananenepa, na chini ya hadubini huwezi kukitofautisha na ndugu yake wa ng'ombe, wanafanana kabisa. Sampuli zinatakiwa kwenda maabara ya vinasaba. Wafugaji wanaowaogesha ng'ombe kwa dawa inayoua na mbung'o wanalinda watu pia, na hawajui kama wanafanya hivyo. Waambie.

Watu watakuuliza, na wakubwa watakuuliza zaidi, kwa nini kusumbuka. Wagonjwa wa rhodesiense wanaorekodiwa Afrika nzima miaka ya karibuni hawafiki 200 kwa mwaka. Jibu langu ni kwamba nambari hiyo imetoka kwenye foleni za akina sisi. Na sababu ya kuwatafuta mapema imekuwa kubwa zaidi. Yule kijana alitibiwa kwa melarsoprol, dawa yenye arseniki, inayounguza mshipa ikiingia na ambayo yenyewe huua karibu mmoja katika kila wagonjwa ishirini. Alipona, namshukuru Mungu, lakini nilimsikia alivyolia. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliingiza fexinidazole kwenye mwongozo wake wa kutibu aina hii ya malale: vidonge, siku kumi, kwa walio na miaka sita na kuendelea na uzito usiopungua kilo 20. Muulize mganga mkuu wa wilaya mapema dawa zinapatikanaje, kabla hujampata mgonjwa. Usimpime mtu ugonjwa ambao hujui utampeleka wapi.

Na rudisha majibu. Hili tunalikosea mno. Tunachoma vidole vya kijiji kizima, tunaondoka na damu, na hakuna anayesikia tena. Rudi kwenye mkutano, sema tulipima wangapi, tulikuta nini, tuliwakosa wangapi. Idadi ya waliokosekana itaje kwa sauti. Kwa hiyari ya familia, majina yao yaandike kwenye daftari dogo, mwachie muuguzi wa zahanati nakala, mkubaliane kwamba yeyote kati yao akija na homa, na siku ya tatu baada ya dawa ya mseto bado ana joto, anachukuliwa slaidi na slaidi inakwenda kwa anayeijua.

Daftari la safari yangu ya mwisho, upande wa Sikonge, lilikuwa na majina tisa. Watatu wamesharudi na tumewapima. Sita bado wako kambini, na mke wa mmoja wao ameahidi kumpigia simu muuguzi siku watakapotoka.